Neno "Corn" na Nafaka ya Ugogo

Mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa mapema ya kuwa "corn" maana yake ni mahindi. Tafsiri hiyo si ya uwongo, lakini ni nusu ya habari. Na nusu iliyoachwa ndiyo iwahusuyo watu wa Mkonze, karibu na mji wa Dodoma.

Asili ya neno hilo ni punje. Zamani liliweza kutaja hata punje ya chumvi. Ndiyo sababu nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi huitwa "corned beef" hata leo. Kisha likawa jina la nafaka iliyo kuu katika nchi ya msemaji: kwa Waingereza, ngano. Biblia yao ya mwaka 1611 yasema ya kuwa wana wa Yakobo walikwenda Misri kununua "corn", hali mahindi hayakuwako huko. Wafasiri wa Kiswahili waliandika "nafaka", nao walifanya sawa.

Waingereza waliohamia Amerika walikuta mahindi, wakayaita "Indian corn", yaani nafaka ya wenyeji wa huko, ambao kwa kosa walikuwa wamepewa jina la Wahindi. Baadaye neno la mbele likaachwa. Kiswahili nacho kiliyanasibisha mahindi na Uhindi, ingawa chanzo chake ni Mexico. Basi jina la nafaka husimulia dhana ya walioipokea kuliko mahali ilipozaliwa.

Tukiifuata maana ile ya kale, "corn" ya Mkonze ni mtama na uwele, mazao yaliyoanza kulimwa hapa hapa Afrika. Ugogo una msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hata Aprili. Mvua ikikatika mahindi yatoapo mbelewele, mavuno hupotea. Mtama huweza kutulia wakati wa ukavu, ukaendelea mvua irudipo.

Hata hivyo mtama si kinga ya kila baa. Katika njaa ya Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, majeshi yalikuwa yamekwisha kutwaa nafaka, ng'ombe na wapagazi kabla mvua haijakosa. Hapakuwa na akiba ya kungojea mwaka mwingine.

Kwa hiyo kosa la tafsiri si dogo. Atakayeandika ya kuwa Ugogo hauna chakula kwa sababu mahindi yamekauka, na atazame kwanza shamba la uwele lililo kando yake.