Waliolipwa Kuruka

Nilijua jina la Ryan Nyquist kabla sijajua jina la mbunge wetu. Nyuma ya duka la mtaani kulikuwa na kibanda cha gemu, televisheni mbili za mgongo mkubwa, shilingi kumi kwa dakika kumi. Gemu yenyewe ilikuwa Dave Mirra Freestyle BMX. Ilitoka mwaka 2000, sisi tukaifikia karibu miaka kumi baadaye, kwenye sidii iliyokwaruzika hadi ilibidi uombe ndiyo ianze. Unachagua mtu, unampa baiskeli, unampandisha ukutani. Akianguka vibaya anagaragara kidogo, halafu anasimama. Kila mara anasimama.

Binamu yangu ndiye aliyekuwa mkali wa hiyo gemu, na ndiye wa kwanza kuitoa nje. Kulikuwa na jamaa aliyekodisha BMX za mitumba kwa nusu saa, na kila mara kulikuwa na mjengo fulani uliokwama, na rundo la mchanga mbele yake. Tukapiga ubao juu ya mawe, tukaanza kuruka. Mimi nilikuwa muoga. Yeye aliruka na mikono akaiachilia.

Alipomaliza shule alipanda bodaboda, si mchezo tena. Alianguka usiku mmoja nikiwa mwaka wa pili chuoni, akaumia shingo. Tangu hapo hatembei. Mwaka uliofuata niliacha chuo. Sitasema niliacha kwa sababu yake, maana nilikuwa nishachoka kivyangu na karo ilikuwa hadithi. Lakini nilikuwa nakaa naye mchana, na mchana ukiwa mrefu watu wawili hurudi kwenye mambo ya utotoni. Tulianza kutafuta wale watu wa kwenye gemu. Wako wapi siku hizi? Nilichokipata ndicho hiki.

Mambo yalianzia kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu 1963 kampuni ya Schwinn ilikuwa ikiuza baiskeli fupi ya watoto iitwayo Sting-Ray, yenye magurudumu ya inchi 20 na usukani mrefu kama pembe za ng'ombe. Pikipiki za motokrosi zilikuwa ghali, watoto walizipenda, basi wakachukua Sting-Ray zao wakaenda kwenye viwanja vitupu kuigiza. Mwaka 1970 kijana wa miaka 13, Scot Breithaupt, aliandaa mbio katika kiwanja kimoja cha Long Beach. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Bruce Brown, On Any Sunday, inayohusu pikipiki, lakini mwanzoni inaonyesha watoto wakirukaruka na baiskeli. Watoto wa majimbo mengine wakaona, wakaanza. Jina BMX maana yake ni hiyo tu: motokrosi ya baiskeli.

Breithaupt anaitwa baba wa BMX na wengi wanaoufuatilia mchezo huu. Alifanya biashara, akashinda, akapotea kwenye dawa za kulevya, akarudi, akapotea tena. Julai 2015 alikutwa amekufa ndani ya hema katika kiwanja kitupu, mji wa Indio, California. Nilipomsomea binamu yangu alinyamaza, kisha akasema, "Alianzia kiwanja, akamalizia kiwanja."

Kwenye zile mbio kulikuwa na matuta, na kuna watoto ambao hawakujali nani anafika kwanza. Walitaka tuta tu. Hao ndio wazee wa BMX ya udongo. Waliacha njia ya mbio wakaingia vichakani na jembe na sepetu. Costa Mesa huko California kukawa na Sheep Hills, na karibu na Bethlehem, Pennsylvania, kukawa na msitu unaoitwa Posh. Ukitazama picha zake utadhani ni makaburi ya majitu: safu za matuta yaliyolainishwa kwa mkono, marefu kuliko mtu.

Kazi ya tuta ni hii. Kuna tuta la kurukia, ambalo uso wake umepinda kwenda juu. Kuna pengo. Halafu kuna tuta la kutua, lenye mteremko ambao magurudumu yakigusa yanaendelea mbele badala ya kugonga. Ukitua vizuri, mwendo ule ule unakupeleka kwenye tuta linalofuata. Ukipungukiwa, gurudumu la mbele linagonga kichwa cha tuta na wewe unaendelea bila baiskeli. Udongo lazima uwe na unyevu, la sivyo unapasuka, kwa hiyo kabla ya kuruka watu wanabeba maji. Mvua ikinyesha kazi ya wiki nzima inabomoka. Ndiyo maana vichakani humo kuna sheria moja inayojulikana na wote: asiyechimba haruki.

Naipenda hiyo sheria. Haiulizi una cheti gani.

Samasoti ndiyo iliyoanza kuwatenganisha watu. Katikati ya miaka ya 1980 kijana wa Arizona, José Yanez, alipindua baiskeli kinyumenyume angani akatua kwa magurudumu, akaja kuajiriwa na sarakasi. Wenzake wengi waliona ni kiini macho. Miaka kumi baadaye, kama hujui samasoti ya nyuma, huna haja ya kwenda mashindanoni. Na hapo ndipo pesa zilipoingia.

Mwaka 1995 televisheni ya michezo ya ESPN iliandaa mashindano Rhode Island, Marekani, yaliyoitwa Extreme Games. Mwaka uliofuata yakabadilishwa jina kuwa X Games. Kuruka matuta kulikuwemo tangu mwanzo, na dhahabu ya kwanza ilichukuliwa na Jay Miron wa Kanada. Sasa tuta halikujengwa tena na mrukaji. Lilijengwa na mashine, kwenye uwanja, mbele ya umati na kamera, na majaji wakikaa pembeni wakitoa alama kwa urefu, ugumu, mtindo na jinsi mtu alivyotua. Mtu aliyezoea kuruka na marafiki watatu msituni alipewa dakika moja hivi ya kuamua mwaka wake utakuwaje.

Maana mshahara haukuwepo. Mrukaji aliishi kwa wadhamini: kampuni ya baiskeli, ya viatu, ya soda. Zawadi ya mashindano ilisaidia, lakini cha muhimu kilikuwa kuonekana. Ukionekana, fremu inauzwa ikiwa na jina lako. Ukionekana sana, unaingia kwenye gemu, na watoto wa Nairobi wanakuangusha kwa shilingi kumi. Usipoonekana misimu miwili, simu hailii. Kila mwaka lazima uje na kitu ambacho mwaka jana hakikuwepo, na kitu kipya katika mchezo huu kina maana moja tu: kuzunguka zaidi ukiwa juu zaidi.

Wapo walioufanya kwa miaka mingi wakatoka wazima. Ryan Nyquist, mtoto wa Los Gatos, California, alishinda dhahabu ya udongo mwaka 2000 na tena 2003. Akaendelea kushindana hadi umri ambao wenzake walikuwa wanapeleka watoto shule, kisha akawa kocha wa timu ya Marekani ya BMX. Corey Bohan wa Australia alishinda mara tatu mfululizo, 2004, 2005 na 2006. Halafu X Games wakauondoa mchezo wa udongo kwenye ratiba. Ukarudi baadaye, lakini hebu fikiria: wewe ndiye bora duniani, na mtu ofisini anafuta kazi yako kwa kalamu. Jay Miron naye akaja kuwa fundi wa samani. Binamu yangu alicheka hapo, akasema afadhali seremala kuliko marehemu.

Na wapo wengine. T.J. Lavin wa Las Vegas alishinda dhahabu ya X Games zaidi ya mara moja miaka ya 1990, akawa pia mtangazaji wa televisheni. Oktoba 2010, katika mashindano ya Dew Tour mjini kwao, aliruka, akakosa kurudisha miguu kwenye pedali kwa wakati, akaanguka na kichwa. Madaktari wakamlaza kwa dawa siku kadhaa. Aliamka, akajifunza upya vitu vidogo, na akarudi kwenye kazi yake ya utangazaji. Kile alichokuwa anakifanya angani hakikuwa kigumu hata kidogo kwa kiwango chake. Ni ruka ambayo alikuwa ameifanya tangu ujana.

Stephen Murray ndiye niliyemsoma zaidi. Alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1980, akaanza na mbio za BMX akiwa mtoto, akahamia California kutafuta maisha ya kuruka. Mwaka 2001, Philadelphia, alishinda dhahabu ya udongo ya X Games. Juni 22, 2007, kwenye Dew Tour mjini Baltimore, alijaribu samasoti mbili za nyuma kwa ruko moja. Hakumaliza kuzunguka. Pingili za shingo zikavunjika, na tangu siku hiyo mwili wake kuanzia mabegani kwenda chini haukumtii.

Nilisoma hayo kwa sauti nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha binamu yangu. Nilitaka kuruka hiyo aya, nikashindwa, maana aliona uso wangu. Akaniambia soma.

Basi nikasoma iliyobaki. Marekani bima ya afya mara nyingi hutoka kwa mwajiri, na mrukaji wa BMX hana mwajiri, ana mikataba. Matibabu ya mtu aliyevunjika shingo hayaishi mwezi mmoja, ni ya maisha. Wenzake Murray wakachangisha. Maneno mawili ya Kiingereza, Stay Strong, yaani kaza moyo, yakawekwa kwenye stika na bangili, yakasambaa viwanjani kote. Baadaye yakawa chapa kamili inayouza vifaa vya BMX na kudhamini waendeshaji wachanga. Murray mwenyewe aliendelea kuonekana kwenye mashindano, akiwa kwenye kiti chake, akitazama.

"Kumbe hata huko ni mchango," binamu yangu akasema.

Ndio, hata huko. Hilo ndilo lililonishika. Nilidhani mtu akivaa dhahabu mbele ya kamera kuna mahali fulani amewekewa mto wa kuangukia. Sisi tulifungua kikundi cha WhatsApp, tukaweka mjomba mmoja mwenye heshima kuwa mweka hazina, tukapitisha bahasha kanisani. Wao walikuwa na stika nzuri zaidi. Lakini mchango ni mchango, na tofauti ni ukubwa wa jina la aliyeanguka.

Dave Mirra, yule mwenye gemu, hakuwa mrukaji wa udongo hasa, alitamba kwenye ukuta wa mbao na kwenye viwanja vya ramp. Alikuwa na medali 24 za X Games. Februari 2016 alijiua huko Greenville, North Carolina, akiwa na miaka 41. Miezi michache baadaye ilitangazwa kwamba ubongo wake ulikuwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kichwa kupigwapigwa mara nyingi, ule ule uliojulikana kwa mabondia na wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Alikuwa wa kwanza kutoka michezo ya aina hii kupatikana nao. Kumbe yule mtu wa kwenye skrini alikuwa akisimama kila mara, lakini kuna kitu kilibaki chini.

Sikuwaambia watu wa nyumbani habari hiyo. Binamu yangu nilimwambia.

Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa, BMX ya mitindo iliingia kwa mara ya kwanza, wanaume tisa na wanawake tisa. Matuta ya udongo hayakuingia, walichukua uwanja wa ramp. Tuliona marudio kwa simu yangu. Charlotte Worthington wa Uingereza, ambaye zamani alikuwa mpishi mkahawani, alianguka kwenye jaribio la kwanza. Alikuwa amejaribu samasoti ya nyuma iliyochanganywa na mzunguko mzima, kitu ambacho mwanamke hakuwahi kukitua mashindanoni. Jaribio la pili akafanya kile kile tena, akatua, akachukua dhahabu.

Mimi nilipiga kelele. Binamu yangu akauliza, "Angeanguka tena, nani angelipa?"

Nilimwambia Olimpiki wana madaktari, na timu ya Uingereza ni ya taifa, inafadhiliwa. Akafikiria. Akasema basi huyo ana bahati kuliko Murray, na kuliko sisi. Kisha akaniomba nirudishe nyuma aone lile ruko tena, na aliponyamaza niliona anafanya kitu alichokuwa akifanya zamani kwenye kile kibanda, anainamisha kichwa upande ambao baiskeli inazungukia.

Tuliitazama mara nne, hadi bando ikaisha.