Ndege za mfano: bunduki za Spitfire zinakaa wapi?

Spitfire ilikuwa ndege ya kivita ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini mabawa yake hayakuwa ya aina moja. Fundi wa ndege ndogo za mfano akichanganya bunduki, huwa ameunda ndege ambayo haikuwahi kuruka. Hapa tunaeleza tofauti zake.

Bawa la A: bunduki nane za rashasha za milimita 7.7, nne kila upande.

Bawa la B: mizinga miwili ya milimita 20 na rashasha nne.

Bawa la C: liliweza kubeba mpangilio wa A, wa B, au mizinga minne.

Bawa la E: mizinga miwili na rashasha mbili za milimita 12.7. Hapa mzinga ulihamia upande wa nje, rashasha ikakaa ndani yake, karibu na kiwiliwili cha ndege.

Mtutu wa mzinga hutokeza mbele ya bawa. Rashasha ndogo hujificha ndani, na matundu yake yalibandikwa vitambaa kuzuia uchafu na baridi. Risasi ya kwanza ilivitoboa. Kwa hiyo ukipaka masizi ya baruti kwenye tundu, usiache kitambaa chake kikiwa kizima.

Ushauri wetu: chagua kwanza ndege moja halisi, tafuta picha yake, ndipo ushike gundi.