Henry Kendall: Bazenga wa Nobel Aliyepanda Milima, Akapiga Mbizi na Kuwakalia Ngumu Watu wa Nyuklia

Wacha tuanzie mwisho. Tarehe 15 Februari 1999, kwenye chemchemi za Wakulla kule Florida, Marekani, mzee wa miaka 72 aliingia majini na kamera yake. Hakuwa mtalii. Alikuwa amejiunga na mbogi ya wapiga mbizi waliokuwa wakichora ramani ya mapango yaliyo chini ya hiyo chemchemi, na shughuli yake ilikuwa kupiga picha. Hakutoka akiwa hai.

Huyo mzee alikuwa na tuzo ya Nobel ya fizikia, na si ya kuokota. Yeye na wenzake wawili ndio walioonyesha dunia kwamba protoni, ile kitu mwalimu wa form two alikwambia ni kadoti kako ndani ya atomu, ina vitu vingine ndani yake. Jina lake ni Henry Way Kendall. Ukiuliza watu kumi mtaani kama wanamjua, tisa watakwambia hapana, na wa kumi atadhani unaongelea yule rapa Kendrick. Kaa hapo nikuchanulie.

Mtoi wa kishua aliyeboeka shuleni

Kendall alizaliwa Boston mnamo 9 Desemba 1926. Budake alikuwa mfanyabiashara, na chapaa haikuwa shida kwao. Tuseme tu ukweli hapo mapema, kwa sababu kuna stori nyingi za watu wa Nobel zinazoanza na umaskini, na hii si mojawapo.

Lakini darasani? Noma. Yeye mwenyewe alikuja kusema kwamba matokeo yake ya sekondari yalikuwa mabaya kwa sababu masomo yalimboesha. Kile alipenda ni kufungua mashine, kucheza na stima na kuchanganya kemikali. Kama ulikuwa yule mtoi aliyefungua redio ya mathe na ikabaki na skrubu tatu za ziada, mnajuana na huyu jamaa. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hiyo sehemu ya kuboeka niliisoma mara mbili. Sehemu ya budake kuwa na kampuni sikuwa na la kusema.)

Mwaka wa 1945 alijiunga na chuo cha mabaharia wa meli za biashara. Alikuwa bado mafunzoni wakati mabomu ya atomu yalipolipuliwa Hiroshima na Nagasaki. Majira ya baridi yaliyofuata alikuwa ndani ya meli ya kubeba wanajeshi, Atlantiki ya Kaskazini. 1946 akaishia, akaingia chuo cha Amherst kusoma hesabu.

Na hapo Amherst ndipo maji yalimshika. Likizo wenzake wakienda nyumbani, yeye na beshte yake walianzisha kakampuni kadogo ka kupiga mbizi na kuopoa vitu vilivyozama. Kutokana na hiyo hustle wakaandika vitabu viwili: kimoja cha kupiga mbizi kwenye maji yasiyo ya kina, kingine cha kupiga picha chini ya maji. Hii ni miaka ya arobaini, manze. Vifaa vya kupumulia chini ya maji vilikuwa bado vipya sana.

Utafiti wa kwanza ukaangukia pua

Alipomaliza Amherst mwaka wa 1950, mkuu wa zamani wa chuo maarufu cha MIT, Karl Compton, ambaye alikuwa rafiki ya budake, alimpa moyo aombe nafasi ya kusoma fizikia huko. Akaingia. Ndiyo, connection iko hata Marekani.

Kwa shahada ya udaktari alifanya kazi chini ya Martin Deutsch, aliyekuwa amegundua positroniamu. Hii ni "atomu" ya ajabu: elektroni moja na pacha wake kinyume, positroni, wanazungukana kwa muda mfupi kushinda kupepesa jicho, kisha wanamalizana na kubaki mwanga tu. Kendall alijaribu kupima badiliko dogo sana la nishati ndani ya hiyo atomu. Hakufaulu. Alipata shahada yake, lakini kipimo alichokuwa akisaka hakikupatikana.

Huwezi kuelewa maisha ya mtu wa maabara kama hujaelewa hiyo. Filamu zinatuonyesha jamaa na koti jeupe akipiga kelele "nimepata!" Ukweli ni miezi ya kutafuta ni wapi gesi inavuja, ni waya gani umelegea, na kama ile namba imeonekana kwenye mashine ni ya kweli ama ni mtambo tu unakudanganya. Kendall alijifunza hapo namna elektroni zinavyotenda zikikutana na vitu vingine, na hiyo ndiyo elimu ilikuja kumtoboa.

Kutoka MIT alielekea Stanford, California, kwenye maabara ya Robert Hofstadter, ambako alikutana na Jerome Friedman na Mkanada mmoja anaitwa Richard Taylor. Shika hayo majina.

Mashine ya kilomita tatu

Sasa cheki hii. Stanford walijenga mtambo wa kurusha elektroni wenye urefu wa kilomita 3 na kitu, umenyooka kama rula. Ungeulaza hapa Nairobi, ungeanzia tao na ukaribie kufika Westlands. Elektroni zinaingia upande mmoja, zinasukumwa na mawimbi kama yale ya oveni ya maikrowevu, tu yenye nguvu zaidi kabisa, na zikitoka upande wa pili zinakimbia karibu sawa na mwanga.

Kuanzia 1967, Kendall, Friedman, Taylor na timu yao walilenga hizo elektroni kwenye chombo chenye hidrojeni iliyogandamizwa na baridi mpaka ikawa maji, kama nyuzi 253 chini ya sufuri. Kwa nini hidrojeni? Kwa sababu kiini chake ni protoni moja tu. Hakuna vurugu ya vitu vingi. Halafu nyuma wakaweka spektromita, mitambo mikubwa kama nyumba, inayotembea kwenye reli ili ipime elektroni zimepinda kwa pembe gani na zimebaki na nguvu ngapi.

Hebu fikiria uko gizani, mbele yako kuna gunia na hujui limebeba nini. Unalirushia mipira. Kama ni gunia la pamba, mipira yote itapita ama ipinde kidogo tu. Lakini kama kuna mawe ndani, kuna mipira itagonga na kuruka kando kwa nguvu. Watu wengi wa fizikia wakati huo walitarajia pamba. Walidhani protoni ni kitu laini kilichosambaa, bila kitu kigumu ndani.

Elektroni zikaanza kuruka kando. Si moja wala mbili. Kwenye pembe kubwa zilikuwa nyingi kushinda kila mtu alivyopiga hesabu.

Hapo ndipo kazi ya kawaida, ile isiyo na picha za Instagram, ilianza. Friedman na Kendall walikuwa wamerudi MIT, pande ile ya Boston, na mtambo uko California. Hiyo ni safari ya kukata Marekani nzima, kwenda na kurudi. Kisha kuna marekebisho: elektroni ikigonga kitu inatoa mwanga na kupoteza nguvu njiani, kwa hivyo lazima uondoe hiyo hasara kwenye kila namba kabla ya kuamini chochote. Ukikosea hapo, umegundua kosa lako mwenyewe.

Mwananadharia mmoja wa pale, James Bjorken, aliwapa wazo la kupanga data kwa njia fulani. Kendall akakaa chini akachora grafu. Namba zilizotoka kwenye nguvu tofauti na pembe tofauti, ambazo ungedhani zitatawanyika kila mahali kama mawakala wa matatu wakiona kanjo, zikaangukia kwenye mstari mmoja. Matokeo ya kwanza yalisomwa kwenye mkutano wa Vienna mwaka wa 1968. Richard Feynman alifika Stanford mwaka huo huo, akacheki data, akasema inaonekana elektroni zinagonga vidoti ndani ya protoni.

Kuna jamaa wawili, Murray Gell-Mann na George Zweig, walikuwa wamependekeza mwaka wa 1964 kwamba protoni imeundwa na vitu vitatu vidogo, kwaki. Wengi waliona ni hesabu tu ya kurahisisha maisha, si kitu unaweza kugonga. Majaribio yaliyoendelea mpaka miaka ya sabini mwanzoni yalibadilisha hiyo rada. Ilichukua muda kabla Kamati ya Nobel iamke: tuzo ilikuja 1990, wakagawana Kendall, Friedman na Taylor.

Wikendi zake hazikuwa za nyama choma

Sasa, huyu msee alikuwa anatoa wapi muda? Hapo Stanford ndipo alianza kupanda miamba, kwa sababu bonde la Yosemite lilikuwa karibu, lile lenye kuta za mawe zinazotisha hata kwenye picha. Baadaye akafika Andes, Himalaya na Aktiki, kila mara na kamera.

Safari yake inayotajwa sana na wapandaji ni ya 1962. Kwenye milima ya Alps kuna kilele cha Grandes Jorasses, na upande wake wa kaskazini kuna ukingo unaitwa Walker Spur. Ni ukuta wa mawe na barafu wa kama mita 1,200. KICC ina mita kama 105, kwa hivyo bandika KICC kumi na moja, moja juu ya nyingine, zimwagie barafu, halafu anza kupanda kwa mikono. Waitaliano ndio waliupanda kwanza, 1938. Kendall na Gary Hemming, Mmarekani mwenzake aliyekuwa akiishi Ufaransa, wakawa Wamarekani wa kwanza kuumaliza. Kendall alikuwa na miaka 35, na ni profesa.

Usidhani hizi ni hobi za mtu asiyeogopa. Ukisoma kazi zake unaona mtu anayependa kujua kila kitu kinaweza kuharibika vipi. Mwamba, tangi la hewa na mtambo wa hidrojeni vyote vinauliza swali moja: je, hiki kikikatika sasa hivi, nina nini kingine kinanishika?

Akaanza kuwauliza serikali hilo swali

Kwa zaidi ya miaka kumi Kendall alikuwa akiishauri Wizara ya Ulinzi ya Marekani kupitia kikundi cha wanasayansi kinachoitwa Jason. Aliona siri za ndani, na hakupenda yote aliyoona. 1969 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Union of Concerned Scientists, muungano wa wanasayansi wenye wasiwasi ulioanzia hapo MIT, na baadaye akawa mwenyekiti wake hadi alipofariki.

Moto uliwaka 1972. Kinu cha nyuklia kinapoa kwa maji. Bomba kubwa likipasuka, lazima maji ya dharura yaingie haraka, la sivyo fueli inayeyuka. Serikali ilidai mfumo huo uko fiti. Kendall na kijana wa uchumi anaitwa Daniel Ford wakasoma ripoti za kiufundi moja baada ya nyingine, wakagundua kwamba imani hiyo ilitegemea hesabu za kompyuta kushinda majaribio halisi. Vikao vya hadhara vilidumu zaidi ya mwaka. Wahandisi wa upande wa serikali walipohojiwa, wengine walikiri kwamba wao pia walikuwa na mashaka.

Kama umekuwa ukifuatilia zogo la kinu cha nyuklia pale Uyombo, Kilifi, hayo maswali yanafaa kukaa mfukoni mwako. Si ati nyuklia ni mbaya ama ni poa. Swali ni nani amejaribu hiyo breki, na aliijaribu wapi.

Wengine walimwona ni mnafiki: anapanda kuta za barafu halafu anaogopa bomba. Mimi naona hapana. Kwenye Walker Spur kamba ilikuwa inashika yeye na Hemming, na wote wawili walikubali. Mama anayelala kilomita tano kutoka kwa kinu hajaulizwa.

Mwaka wa 1992 aliandika onyo kwa binadamu kuhusu hewa, maji, misitu na hali ya anga. Wanasayansi kama 1,700 walitia sahihi, wakiwemo wengi wa washindi wa Nobel za sayansi waliokuwa hai. Onyo la pili lilipotoka 2017, miaka 18 baada ya kifo chake, sahihi zilipita 15,000.

Wakulla

Turudi Florida. Ule mradi ulitumia kifaa cha kupumulia kinachozungusha pumzi yako mwenyewe: kinachuja hewa chafu, kinaongeza oksijeni, na unaipumua tena. Hakuna mapovu, kwa hivyo unakaa chini muda mrefu na samaki hawakukimbii. Kwa mpiga picha ni raha. Pia kinataka ukaguzi mrefu kabla hujaingia, hatua kwa hatua. Kendall alikuwa anapiga mbizi tangu enzi za Amherst, karibu miaka 50.

Kitabu chake cha mwisho, kuhusu wanasayansi na siasa, kilitoka mwaka wa 2000 yeye akiwa hayupo. Ule mtambo wa kilomita tatu nao haujang'olewa wote. Tangu 2009 kipande chake cha mwisho kinatumika kutoa eksirei kali za kupiga picha za molekuli zikiwa kazini, na kuna vijana wanakesha pale usiku wakitafuta ni waya gani umelegea.