Kituo: Istilahi ya Wapagazi na ya Washairi

Miongoni mwa istilahi za ushairi wa Kiswahili, kituo ni mojawapo ya zile zinazotumiwa sana na kufafanuliwa kwa haraka. Aghalabu mwanafunzi huambiwa kuwa kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, kisha huongezewa majina kiishio, kimalizio, kibwagizo na kiitikio, kana kwamba yote ni mamoja. Maelezo hayo hutaja mahali pa mshororo bila kueleza kazi yake. Historia ya neno lenyewe, hasa miongoni mwa watu waliochukua mizigo njiani na mlimani, yaweza kuiziba kasoro hiyo.

Asili ya kituo ni kitenzi tua, kinyume cha twika. Mtu hutwika mzigo kichwani, na afikapo hutua. Ndege hutua mtini, jua hutua magharibi. Na katika shina hilo hilo yamechipuka maneno tulia, tuliza na utulivu. Katika matumizi yote hayo mna uzito uliopata pa kukaa. Kibwagizo nacho kina nasaba ya karibu, kwani kubwaga ni kuutupa mzigo chini kwa mara moja. Masimulizi ya pwani huliunganisha hata jina la Bagamoyo na kitenzi hicho, yakisema kuwa hapo ndipo msafiri alipobwaga moyo. Wataalamu hawakubaliani juu ya asili hiyo. Hata hivyo masimulizi yenyewe yanathibitisha jinsi wasemaji walivyoitazama safari kwa jicho la mchukuzi.

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara, kirangozi alitangulia na wapagazi wakamfuata, na mwendo ukapimwa kwa vituo. Kituo kilikuwa mahali pa maji, chakula na usingizi. Asubuhi mzigo ule ule ulitwikwa tena.

Maana hiyo ilidhihirika zaidi katika Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1887 Hans Meyer, msafiri wa Kijerumani, alijaribu kuupanda akashindwa na barafu. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alibadili mpango. Kambi ya kwanza ilikuwa Marangu, katika himaya ya Mangi Marealle. Ya pili ilikuwa karibu na mwisho wa msitu. Na ya tatu ilikuwa chini ya barafu ya Kibo, kiasi cha meta 4,300 juu ya usawa wa bahari. Wapagazi walipandisha chakula kutoka kambi moja hadi nyingine, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa na wazungu hao katika kambi ya juu. Tarehe 3 Oktoba wapandaji walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka, wakalazimika kurudi. Kwa kuwa kambi haikuwa mbali, walipumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika kilele ambacho sasa kinaitwa Uhuru. Vitabu vingi vimehifadhi majina ya Meyer na Purtscheller. Walio wengi miongoni mwa wapagazi hawakuandikwa. Bila vituo vyao kilele kisingefikiwa mwaka huo. Hata leo njia ya Marangu hupandwa kwa vituo vya Mandara, Horombo na Kibo, na wapagazi, ambao huitana wagumu, huwekewa kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni.

Kwa mpagazi, basi, kituo ni pumziko linalowezesha safari kuendelea. Maana hii ndiyo inayofaa kurejeshwa katika ushairi. Katika shairi la tarbia, ambalo Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alilitumia kwa ustadi mkubwa, mishororo mitatu hukusanya hoja, na wa nne huitua. Katika utendi mishororo mitatu huwa na kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, ilhali mshororo wa nne huchukua kina cha bahari kinachodumu tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji hupumzika hapo, kisha msimulizi hutwika tena.

Kwa mtazamo huo istilahi zilizochanganywa zaweza kutenganishwa. Kituo ni jina la mahali, na kila ubeti unacho. Kibwagizo ni jina la tendo, nalo lafaa pale tu mshororo unaporudiwa bila kubadilika. Kiitikio, kutokana na itikia, ni jina la sauti ya wale wanaopokea. Shairi laweza kuwa na vituo bila kuwa na kibwagizo, na laweza kuwa na kibwagizo kisichoitikiwa na yeyote.

Kadhalika, shutuma kwamba kibwagizo ni marudio matupu hudhoofika. Mzigo uliotuliwa Mandara hutuliwa tena Horombo ukiwa ule ule, lakini mchukuzi amekwisha kupanda meta 1,000. Vivyo hivyo mshororo unaorudiwa katika ubeti wa saba umeyapita mambo ambayo ubeti wa kwanza haukuyajua. Yafaa mwalimu wa ushairi, kabla ya kuwauliza wanafunzi wake kituo kiko wapi, awaulize ni mzigo gani unaotuliwa hapo.