Mtungi wa Nuru: Jinsi Watu Walivyopata Kuzipiga Picha Nebula

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: darubini, nebula, mtungi. Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo.

Nilipokwenda kulitembelea darasa la Busunzu, katika wilaya ya Kibondo, tulimaliza masomo usiku. Tulipozima taa na kutoka nje, mzee mmoja mwanafunzi alinyosha kidole upande wa mashariki. "Bwana Elimu," akasema, "kile pale ni Kilimia. Mimi nahesabu nyota sita, mjukuu wangu asema saba. Je, hao wenye vyombo vikubwa wanaona nini zaidi yetu?" Swali lile lilikuwa kubwa kuliko jibu la kusimama mlangoni. Jibu lake ni somo hili.

Kwanza, nebula ni nini? Nebula ni wingu kubwa mno la hewa na vumbi, lililo mbali sana kati ya nyota. Si wingu la mvua. Nebula moja mnaweza kuiona kwa macho. Mwezi wa Januari, mapema usiku, tafuteni nyota tatu kali zilizopangana mstari mmoja. Karibu nazo zipo nyota ndogo, na moja yao imefifia kama iliyofunikwa na moshi. Hiyo ndiyo nebula iitwayo Orion.

Hapo zamani, mtu aliyetaka kuwaonyesha wenzake nebula aliitazama kwa darubini, kisha akaichora kwa mkono. Watu wawili waliichora nebula ile ile, na michoro yao haikufanana. Nani alisema kweli? Hapakuwa na shahidi.

Shahidi alipatikana tarehe 30 Septemba 1880. Usiku huo Henry Draper, mganga wa Marekani, aliweka kioo kilichopakwa dawa ya picha nyuma ya darubini yake, karibu na mji wa New York. Akakiacha kipokee nuru ya nebula ya Orion kwa dakika 51. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya nebula.

Kwa nini dakika 51? Sikilizeni mfano huu. Mvua ya rasharasha ikinyesha, nyosha mkono wako nje. Kiganja hulowa kidogo tu, wala hakijai. Lakini weka mtungi chini ya ukingo wa paa, ukalale. Asubuhi utakuta maji. Jicho ni kama kiganja: haliweki akiba ya nuru. Kioo cha picha ni kama mtungi: hupokea tone kwa tone, wala hakimwagi kilichopata.

Mwaka 1883 Mwingereza jina lake Andrew Common aliufuata mfano wa Draper. Huyu alikuwa mhandisi, na kazi yake ya mchana haikuwa ya nyota. Darubini yake aliisimamisha katika bustani ya nyumba yake huko Ealing, karibu na London. Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 36, yaani futi 3. Picha yake ya Orion ilionyesha nyota ambazo jicho halikupata kuziona, hata kwa darubini. Mwaka 1884 alipewa nishani ya dhahabu na Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota.

Sasa turudi kwa Kilimia cha mzee wetu. Mwaka 1885 ndugu wawili Wafaransa, Paul na Prosper Henry, walikipiga picha wakiwa Paris. Wakaona kwamba moja ya nyota zake imezungukwa na wingu ambalo hapana mtu aliyekuwa amelijua. Basi, mzee wangu, hilo ni jibu la kwanza: wameona vumbi. Nyota za Kilimia zimo katika vumbi jepesi, nalo hung'aa kwa nuru ya nyota zile, kama vumbi la barabarani ling'aavyo mbele ya taa za lori. Na nuru hiyo ni ya zamani. Mnayoiona usiku huu iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593.

Lakini mtungi una kasoro moja: hauchagui maji. Mtu akipita akimwaga tope ndani yake, utapokea tope pia. Taa za mji ndizo tope hilo. Nuru yao hupanda juu, hugonga vumbi na mvuke wa hewani, kisha hurudi chini na kulijaza anga weupe.

Jambo hili lilionekana wazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Taa za Los Angeles zilipunguzwa kwa kuogopa adui. Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi kwenye Mlima Wilson, juu ya mji huo, alipata giza jema. Akatumia nafasi hiyo kupiga picha ya Andromeda, ambayo zamani iliitwa nebula, na akazitenga nyota za katikati yake moja moja. Hapo kabla zilionekana kama weupe mtupu.

Siku hizi watu wa mijini hupiga picha nyingi usiku kucha, kisha kompyuta huzijumlisha na kuutoa mwanga wa mji. Tena huweka chujio mbele ya kamera, lipitishe rangi za nebula tu. Kwa Orion chujio hufaa, kwa sababu hewa yake hutoa rangi chache zinazojulikana. Kwa vumbi la Kilimia halifai, kwa maana nuru ya nyota ina rangi zote, kama taa nyeupe za mjini. Dawa yake ni giza. Watu wenye kamera za thamani husafiri mbali kulitafuta giza ambalo ninyi wa vijijini mnalo nje ya mlango.

Sasa nguzo za umeme zinaingia vijijini. Ni jambo jema: mama anayejifungua anahitaji taa, na ninyi mnahitaji taa ili msome. Lakini taa isiyo na kifuniko juu huangaza mawingu, na gharama yake mnalipa ninyi. Ifunikeni juu, iangaze njia. Hivyo mtapata mwanga chini, na wajukuu watabaki na Kilimia chao.

Maswali ya darasa: Kwa nini kioo cha picha huona zaidi ya jicho? Kwa nini chujio halisaidii kwa Kilimia? Nani hapo darasani aweza kuhesabu nyota saba? Tokeni nje mkajaribu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.