Shahada kwanza, ualimu baadaye: Njia kongwe ya kuingia darasani

Ekari 61 mjini Kisii zimekuwa zikitoa walimu tangu mwaka wa 1965. Ardhi hiyo ilitolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii ili kijengwe chuo cha walimu wa shule za msingi. Mnamo 1983 chuo kilipandishwa hadhi, kikaanza kufunza walimu wa sekondari katika kiwango cha stashahada. Mwaka wa 1994 serikali ilikikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Egerton, 2007 kikawa chuo kikuu kishirikishi, na Februari 6, 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Ndicho Chuo Kikuu cha Kisii.

Wanaotaka kufundisha sekondari huko Kisii na Nyamira leo ni wa aina mbili. Wapo waliosomea shahada ya ualimu moja kwa moja. Wapo pia waliohitimu shahada nyingine, ya sanaa au ya sayansi, kisha wakarudi darasani kusomea stashahada ya uzamili katika elimu, inayojulikana na wengi kama PGDE. Hawa wa pili hudhaniwa kuwa wamekimbilia ualimu baada ya kukosa kazi kwingine. Dhana hiyo haiwatendei haki, kwa maana njia yao ndiyo iliyotangulia.

Kabla ya uhuru, mwanafunzi wa Kenya aliyelenga kufundisha sekondari akiwa na shahada alielekea Makerere, Uganda. Alimaliza shahada yake kwanza, kisha akasomea diploma ya ualimu. Mnamo 1961, sekondari za Afrika Mashariki zilipokuwa zikilia uhaba wa walimu, Marekani ilianza kutuma vijana wake waliohitimu vyuo vikuu. Wengi wao nao walipitia Makerere kufunzwa kazi kabla ya kutawanywa katika shule za Kenya, Uganda na Tanganyika. Shahada peke yake haikuhesabiwa kuwa ruhusa ya kushika chaki.

Uhuru ulileta kiu kubwa ya elimu. Wazazi wa Gusii, sawa na wenzao kote nchini, walichanga pesa na nguvu zao wakajenga sekondari za harambee. Madarasa yalipatikana upesi kuliko walimu, na mara nyingi aliyefundisha alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita bila mafunzo yoyote ya ualimu. Serikali iliunda Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mwaka wa 1967, ikaweka chini ya mwajiri mmoja walimu waliokuwa wametapakaa kwa wamisheni na mabaraza ya wilaya. Mwaka wa 1972 Chuo cha Kenyatta, wakati huo kikiwa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipokea wanafunzi wake 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu. Katika shahada hiyo masomo ya kufundisha na mbinu za kuyafundisha yalisomwa pamoja, na njia ya Makerere ikabaki ya wachache.

Pigo lilikuja 1998, serikali iliposimamisha uajiri wa walimu wapya. Shule zilizobaki na mapengo zikaajiri walimu kwa karo ya wazazi, na mzigo huo haujawatoka hadi leo, kwa jina la walimu wa BOM, yaani wa bodi ya usimamizi ya shule. Sheria ya TSC ya 2012 ikakaza kamba: kifungu cha 23 kinamkataza yeyote kufundisha bila kusajiliwa.

Usajili wenyewe huanzia mbali. Mwombaji wa sekondari lazima awe na C+ katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na C+ katika masomo mawili anayokusudia kufundisha. Mwenye shahada isiyo ya ualimu huongeza PGDE, ambayo kiini chake ni mazoezi ya kufundisha. Hapo ndipo mhitimu wa hisabati au historia hugundua kwamba kujua somo na kulifundisha ni mambo mawili. Huingia darasani na azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi. Mkufunzi huketi nyuma akiwa na fomu ya alama, akitazama kama swali limemfikia mwanafunzi wa dawati la mwisho na kama dakika 40 zimetosha. Baadaye hufuata cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, ripoti ya daktari na ada ya Sh1,055.

Mwaka wa 2021 TSC ilipendekeza shahada ya ualimu iondolewe, ili kila mwalimu wa sekondari asome kwanza shahada ya sanaa au sayansi kisha stashahada ya uzamili. Pendekezo hilo lilipingwa vikali, lakini lilidhihirisha kwamba mpango wa Makerere haukupitwa na wakati.

Kwa hivyo mwenye shahada anayetamani ualimu asione haya. Ila kabla ya kulipa karo ya PGDE, afungue cheti chake cha kidato cha nne ahakikishe masomo yake mawili yana C+, kisha alinganishe na yale aliyosoma chuoni. Wengi wamemaliza kozi ndipo wakakataliwa usajili. Na vyuo vinavyopokea karo hiyo vina wajibu wa kumwambia mwombaji ukweli huo siku ya kwanza.