Mifupa ya Tendaguru na Mashine za Kuhesabu

Wapo makada ambao wakisikia habari za kompyuta kuu huangukia kosa moja kati ya mawili. Wengine huitukuza, wakadhani kuwa mashine inajua. Wengine huipuuza, wakisema ni mchezo wa matajiri usiomhusu mkulima wa Lindi. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kuitazama zana peke yake, bila kuitazama kazi ya binadamu iliyomo ndani yake wala historia iliyoizaa. Mimi nitaitazama kwa kupitia mifupa iliyochimbwa katika ardhi yetu, maana hapo mambo huonekana waziwazi.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijamalizika. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha msafara wa uchimbaji, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba walikuwa Waafrika, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa ikawa mizigo, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi, na kutoka hapo ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 ziliondoka kwa njia hiyo. Mwaka 1914 Janensch alimpa mnyama mkubwa kuliko wote jina la Brachiosaurus brancai (siku hizi huitwa Giraffatitan), kwa heshima ya Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Boheti alingoja hadi 2007 ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii.

Kiunzi cha mnyama yule kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Akiwa hai alikuwa na uzito gani? Swali hili si la kitoto. Uzito ndio unaoamua miguu ilibeba nini, mnyama alikula kiasi gani na alitembeaje. Mwaka 1962 Mmarekani Colbert alipima ujazo wa sanamu ndogo kwa mchanga, akafikia tani 78. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walikipima kiunzi chenyewe kwa vyombo vya kisasa, wakapata tani 74. Mwaka 2008 kundi lilelile lilijisahihisha: tani 38. Mwaka 2012 watafiti wa Manchester walikipima kwa mwanga wa leza, wakakifunika ndani ya kompyuta kwa ngozi ya kubuni iliyobana mifupa, kisha wakalinganisha na wanyama wakubwa 14 wa siku hizi ambao uzito wao unajulikana. Wakapata tani 23.

Mfupa haukupungua hata ratili moja. Kilichobadilika ni dhana waliyoingia nayo watafiti kuhusu nyama isiyokuwapo tena. Mashine huhesabu dhana hiyo kwa uaminifu, iwe sahihi au potofu.

Na mashine hizo hazikuzaliwa kwa ajili ya mifupa. ENIAC, iliyokamilika Marekani mwaka 1945, ilikusudiwa kuhesabu mwendo wa makombora, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa hesabu za bomu la haidrojeni. Kompyuta kuu ya kwanza ya aina ya Cray-1 ilikwenda mwaka 1976 Los Alamos, mahali palepale palipobuniwa bomu la atomiki. Hata njia ya hesabu yenyewe ina asili yake. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa ndege wa Boeing walitaka kujua bawa litapinda wapi. Walilikata bawa, kwa hesabu tu, kuwa vipande vidogo vingi, wakatafuta nguvu inayopita katika kila kipande, kisha wakaviunga. Vipande vikizidi, hesabu humshinda binadamu. Ndipo mashine ikawa ya lazima. Mwaka 2001 njia hiyohiyo ilitumiwa kwa fuvu la dinosaria Allosaurus, ikaonekana kuwa fuvu lilikuwa imara kupita kiasi kilichohitajiwa na misuli ya taya.

Anayedhani uhandisi umesalimika na makosa ya dhana na autazame mkasa wa Norway. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la mafuta, Sleipner A, ulipasuka ukazama wakati wa majaribio. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipande vya hesabu vilipangwa vibaya, na nguvu za kukata ukutani zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Waliokosea ni waliochora vipande na waliopokea jibu bila kulihoji.

Mwendo wa mnyama ni mgumu zaidi kuliko uzito. Programu huwasha misuli ya kubuni kwa mpangilio wa kubahatisha, mnyama huanguka. Mipangilio iliyomfikisha mbali kidogo huhifadhiwa, huchanganywa na kujaribiwa tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Hapo ndipo kompyuta kuu inapohitajika kweli. Mwaka 2013 kundi la Manchester lilimtembeza hivyo Argentinosaurus wa Argentina, mwenye urefu wa mita 40 na uzito wa tani 80 kwa makadirio yao, akaenda mita mbili hivi kwa sekunde. Mwaka 2017 walimpima Tyrannosaurus wakizingatia pia mkazo ndani ya mifupa, wakaona kwamba angekimbia angevunjika miguu. Wapenzi wa sinema hawakufurahi. Lakini viunzi kamili ni adimu: kiunzi cha Argentinosaurus kilichopimwa kilijengwa upya kutokana na mifupa michache tu, na sehemu iliyobaki ni ya kukisia.

Hapa ndipo thamani ya Tendaguru inapojitokeza. Hesabu ya ngozi ya kubuni ya mwaka 2012 ni nyepesi. Kompyuta ya kawaida ya mezani inaiweza. Kisichopatikana dukani ni kiunzi. Mwanafunzi wa Lindi anayetaka kupima paja la mnyama aliyechimbwa karibu na kijiji chao hukwama kabla hajaifikia mashine yoyote, kwa kuwa paja liko Berlin. Ingawa hivyo, vipimo vya leza vinaweza kunakiliwa na kutumwa kwa muda mfupi kuliko ule aliotumia mpagazi kupanda kilima kimoja akiwa na mzigo wake.